Shamba la Mafiga Lilikuwa na Wenyewe

Mwanaheri na mumewe Hatibu walilima juu ya Kinole, kwenye miteremko ya Uluguru. Walipanda migomba, maharage na mahindi. Mama yake Mwanaheri, Bi Asia, aliishi nao. Alikuwa mzee na miguu yake ilivimba, lakini hakukubali kukaa bure. Alikaa barazani akipukuchua mahindi. Siku za soko Hatibu alishuka Morogoro na mikungu ya ndizi, akawauzia watu wa reli.

Wakati huo nchi ilitawaliwa na Wadachi, yaani Wajerumani. Mwaka mmoja serikali iliweka mipaka ya msitu mlimani. Shamba lao likaangukia ndani ya mipaka. Askari aliwaambia wavune walichonacho, kisha wahame.

Mvua zilikuwa karibu. Hatibu akashuka mjini kutafuta shamba. Sokoni alikutana na Kibwana. Kibwana alikuwa dalali. Aliwatafutia watu mashamba na nyumba, wakamlipa ujira. Kanzu yake ilikuwa safi na maneno yake yalikuwa laini.

"Nina shamba Mafiga," Kibwana alisema. "Udongo mweusi, maji karibu. Mwenyewe anakwenda kwenye kazi ya reli. Usipolichukua leo, kesho lina mtu."

"Mke wangu hajaliona," Hatibu alisema.

"Ataliona akishahamia."

Kibwana alimwonyesha shamba wakiwa wamesimama njiani. Alinyoosha mkono tu, mpaka kule, mpaka kule. Mwenye kuuza alikuwapo, akaitikia kila neno. Majirani hawakuitwa. Hatibu aliuza mbuzi wake wote, akalipa.

Walimshusha Bi Asia kwa machela. Njia ilikuwa ndefu na mvua iliwakuta. Walijenga kibanda, wakapanda mahindi. Lakini Bi Asia alishikwa na homa, na haikumwacha. Alifariki kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Walimzika pembeni mwa shamba.

Siku chache baada ya matanga, mwanamke wa makamo alipiga hodi. Aliitwa Mwajuma. Alikuja na wazee wawili wa ukoo wake.

"Nani aliwaweka hapa?" aliuliza.

"Tumenunua, dada," Hatibu alijibu. "Kibwana dalali alituletea mwenye shamba."

"Yule alikuwa mume wa marehemu dada yangu. Alikuwa akilima tu. Shamba hili ni la ukoo wa mama yetu. Mume hulima, hauzi. Hata kwenu mlimani ni hivyo, au sivyo?"

Hatibu aliinamisha kichwa. "Ni hivyo. Nilidhani huku mjini mambo ni mengine."

Walikwenda kwa akida. Akida aliwauliza Hatibu na mkewe mashahidi wao ni nani. Hawakuwa na shahidi ila Kibwana, na Kibwana alikwisha kuhama mji. Aliyeuza naye alikwisha kwenda mbali kwenye kazi ya reli. Akida alisema shamba lirudi kwa wenyewe.

Walipofika kibandani, Mwajuma alikaa kwenye kigogo.

"Vuneni mahindi yenu," alisema. "Kisha mwondoke. Shamba hili wanalingoja watoto wa dada yangu."

"Na kaburi la mama?" Mwanaheri aliuliza.

"Kaburi halihamishwi. Njoo ulisafishe utakapo."

Mwanaheri alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mwajuma alimngoja mpaka akanyamaza.

"Dada," Mwanaheri alisema, "tutamjuaje dalali wa kweli? Tukikosea tena, hatuna kitu cha kuuza."

"Kwanza, msimuulize yeye habari zake. Waulizeni watu aliowatafutia mashamba. Je, bado wapo mashambani mwao? Pili, Hatibu, akikuharakisha, mwache. Dalali mwema atakupeleka kwa ukoo wenye ardhi, na atakungoja umlete mkeo. Mtazunguka mipaka kwa miguu, majirani wakiwapo. Na ujira wake mpeni mkishakabidhiwa."

"Kibwana hakufanya hata moja," Hatibu alisema.

"Nawe hukumuuliza hata moja," Mwanaheri alimwambia.

Baada ya mavuno walikwenda Mikese. Safari hii waliuliza nyumba kwa nyumba. Watu wengi walimtaja dalali Mwinjuma. Mjane mmoja aliwaambia, "Alinitafutia shamba hili. Nimelima misimu mingi, hajaja mtu kuniuliza."

Mwinjuma aliwapeleka kuona shamba dogo.

"Sitawaficha," alisema. "Upande huu una mawe, na maji ni mbali. Zuri zaidi ya hili ninalo, lakini wenyewe wanaligombania. Hilo siwapi."

Aliwapeleka kwa mzee wa ukoo wenye shamba hilo. Walimwamkia, wakaeleza shida yao. Mzee alikubali, kwa sharti kwamba kila mavuno watoe ngoto, yaani sehemu ya mazao kwa ukoo wenye ardhi. Siku ya kukabidhiwa, majirani walikuja. Wote walizunguka mipaka, jiwe kwa jiwe. Ndipo Mwanaheri akampa Mwinjuma ujira wake kwa mkono wake mwenyewe.

Mavuno ya kwanza yalikuwa haba. Walikula mlo mmoja kwa siku, wakatoa ngoto yao. Mara nyingine Mwanaheri alikwenda Mafiga kupalilia kaburi.

Mwaka wa pili, mpwa wa mzee alirudi kutoka kazi ya reli. Alisimama katikati ya mahindi, akasema shamba ni lake. Hatibu hakubishana naye. Mwanaheri alikwenda kuwaita majirani. Walikuja mmoja mmoja, na majembe mabegani.

"Tulikuwapo walipokabidhiwa," walisema. "Mipaka tuliizunguka nao."

Mzee wa ukoo alifika, akasema vilevile. Akamchukua mpwa wake, wakaenda kutazama sehemu nyingine ya kumpa alime.

Majirani walirudi mashambani mwao. Hatibu na Mwanaheri waliendelea na palizi. Siku ile hawakufunga mizigo.