Sumaku Haimjui Ibironke

Jumamosi soko la Bodija, mjini Ibadan, halimjui mkubwa wala mdogo. Kila mtu husukumwa. Ibironke alisukumwa na mchukuzi wa viazi vikuu, akarudi kinyumenyume na gauni lake la buluu, akamgonga mwanamume aliyekuwa akila amala, ugali wa unga wa viazi vikuu, kwa mama ntilie. Mchuzi ukamwagikia gauni.

"Samahani kaka, sikukuona."

"Gauni lako limeonja kabla yangu," alisema yule mtu. "Basi kaa na wewe uonje, lisije likakusimulia."

Ibironke akaketi, akacheka. Kanzu fupi nyeupe ya yule mtu ilikuwa imepigwa pasi ikanyooka, na sauti yake Ibironke aliifahamu: Laniyan, mtangazaji wa asubuhi, aliyenyamaza muda mrefu baada ya kufiwa na mkewe, kisha akarudi redioni.

Mapenzi yakaanza hivyo, kwa utani na simu ndefu.

"Mtafiti wangu, leo umepasua bongo za nani?"

"Sipasui mtu, mpenzi. Nahesabu tarakimu tu."

Ni kweli. Hospitalini alikofanya utafiti walikuwa wakijaribu kutibu sonona kwa sumaku inayochochea ubongo kutoka nje ya fuvu. Ibironke ndiye aliyepanga sumaku iguse wapi, lakini wagonjwa aliwajua kwa namba, si kwa nyuso.

Hadi siku mashine iliposumbua, akaitwa chumba cha matibabu. Kitini, sumaku ikimgongagonga kipajini kama kigogota, alikuwa ameketi Laniyan.

"Kumbe ni kwako hapa," alisema kwa aibu.

Ibironke aligeuka akatoka. Simu zake hakuzipokea, mpaka moja.

"Umenikimbia kwa kuwa mimi ni kichaa?"

"Si hivyo, Laniyan. Ile sehemu ya ubongo tunayoichochea ndiyo inayowasha hamu ya mtu. Nitajuaje kama wanipenda mimi, au ni mashine yangu inayosema?"

Kisha ile sauti nzuri ikashuka.

"Abeke, mke wangu, alikuwa akinijia kila alfajiri, anasimama mlangoni. Tangu mlipoanza kunitibu haji tena. Nacheka, halafu naona mlango mtupu, najiona nimemzika mara ya pili. Nilitaka kukwambia wewe. Sasa nimwambie nani?"

Akakata.

Matibabu ya Laniyan yalikwisha. Mvua zikapita, vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, likaifunika Ibadan, na asubuhi moja mtu mwingine akasoma habari redioni. Kesho yake vilevile. Ibironke alijua maana yake: kwa baadhi ya wagonjwa, nafuu huisha. Akavaa ushungi, akaenda Mokola, mtaa alikoishi Laniyan.

Mlango ulikuwa wazi. Laniyan alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ndevu zimemwota, vumbi limetanda hadi kwenye mto.

"Abeke amerudi," alisema bila kuinua macho. "Amesimama hapo ulipo."

Ibironke hakusogea.

"Anasema nini?"

"Hajawahi kusema." Akavuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kisimani. "Sumaku yako imekwisha ndani yangu. Sina furaha, chakula naona udongo. Nimejipekua nione kimebaki nini. Umebaki wewe. Hunifurahishi. Upo tu, na hutoki."

Ibironke alilia. Jibu alilolitaka ndilo hilo, nalo limekuja na mtu aliyeisha hivi.

"Laiti nisingeuliza," alisema. "Nimejitoa kwenye utafiti ule. Mtafiti mwingine atapanga matibabu yako. Mimi nitangoja barazani kama ndugu wengine."

"Nikipona nikakupenda kupita kiasi?"

"Nitavumilia."

"Na yeye?"

Ibironke akatazama kando yake, pasipo na mtu. "Dada, karibu ukae," alisema taratibu. "Tunamuuguza sote." Kisha akamgeukia Laniyan. "Ukipata nguvu, nenda kwa baba yangu ukanipose. Ukikosa, nitamleta hapa hapa akukute na ndevu zako."

Laniyan akasogea kidogo kitandani, Ibironke apate pa kuketi. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake.

Walioana mwaka uliofuata. Baada ya kutibiwa tena, sauti ya Laniyan ilirudi redioni, ingawa kuna alfajiri anaamka akitazama mlango, na Ibironke hamsemeshi. Humwekea mkono mgongoni, wakangoja wote wawili hadi kupambazuke.