Sili wa Beseni la Inga

Novemba kule visiwa vya Orkney, kaskazini ya Uskoti, saa tisa na nusu alasiri giza linaanza kutanda. Thora alimwacha binti yake Inga, wa miaka sita, ndani ya gari, akashuka ufukweni. Mtu alikuwa amepiga simu kwamba kuna mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini, peke yake mawenI kando ya maji. Kazi ya kawaida. Miaka kumi na miwili Thora amejitolea kuwaokoa sili, hajang'atwa hata mara moja.

Lakini siku hizi nani anamtaja Thora? Ni Katrina, Katrina, Katrina! Kaja juzi tu kutoka bara kujitolea kuokoa sili, na kila mtu anamsifu. Hata Inga! Asubuhi ile alisema, mdomo umejaa uji, "Natamani Anti Katrina ndiye angekuwa mama yangu."

Thora alitembea na maneno yale kutwa nzima.

Mtoto wa sili alikuwa pale, mweupe, analia. Wajitoleaji wote wanajua sharti: usimguse. Kaa mbali, tazama mpaka maji yajae na kupwa, maana huenda mama yake yuko karibu tu, majini. Na wazee wa visiwani husema sili wengine huvua ngozi wakawa watu.

Simu ikalia. "Dada Thora, nakuja," alisema Katrina. "Usimsogelee, sawa? Tumsubiri mamake."

"Unanifundisha kazi, wewe?"

Akakata simu.

Ndipo akaona kichwa majini. Cheusi. Kimetulia...

Mama alikuwepo.

Thora alimwona vizuri, mimi sitamtetea. Lakini alimfikiria Katrina akipigwa picha, na Inga akimrukia shingoni. Wivu ukamchemka. Akamfunga mtoto yule kwa taulo, akambeba. Nyuma yake kitu kikapiga yowe, sauti ya mwanamke kabisa.

Hakugeuka.

Nyumbani wakamlaza kwenye beseni la kuogea. Inga alirukaruka kwa furaha.

"Nani kakuletea?" Thora aliuliza. "Mimi, au huyo Anti wako?"

"Wewe!"

Thora akaenda jikoni akicheka peke yake. Kicheko kikamkatika. Harufu... mwani, samaki. Mlango wa nyuma wazi. Sakafu imelowa.

Mwanamke alikuwa amesimama ukumbini, koti la kijivu mpaka miguuni, nywele zinachuruzika.

"Nimemfuata mwanangu," alinong'ona.

"Mchukue!" Thora alirudi nyuma hadi ukutani. "Mchukue uende!"

Mwanamke akaingia bafuni. Akatoka na taulo mikononi, ndani yake kitu kinapumua, akapotelea gizani. Thora akatia komeo, akakimbilia bafuni.

Beseni tupu. Inga ameketi kando yake, nywele zimelowa chapachapa.

"Mama kaenda wapi?" aliuliza.

"Niko hapa, mwanangu."

Inga akamtazama kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Siyo wewe. Yule wa koti la kijivu."

Tangu siku hiyo, maji yakijaa, Inga hukaa dirishani. Na kule majini kichwa cheusi hutulia kwa mbali, kinamtazama mpaka maji yapwe. Daktari hakuona ugonjwa. Katrina huja na biskuti, Inga hageuki.

"Mpende hata Katrina," Thora humnong'oneza, machozi yakimtoka. "Mwite hata yeye mama. Nimekubali, mwanangu."

Inga husogeza uso karibu na kioo, akakiita kile kichwa majini: "Mama."