Siku Vilengaji Vilipovuliwa

Nakutegea, mjukuu wangu, nawe tega sikio: nikimlenga alipo, namkosa, nikimlenga asipokuwepo, nampata. Ni nani? Usikune kichwa. Ni chochote kirukacho, maana jiwe likifika, chenyewe kimeshasogea.

Ifakara ya siku hizo watu walikuwa wamelisahau jambo hilo, kwa sababu ya kilengaji. Kilikuwa kidude kama punje ya mpunga, kinabandikwa nyuma ya sikio. Ukicheza Vita vya Zohali, ule mchezo wa vyombo vya anga uliopendwa na wakubwa kwa wadogo, chenyewe kinasoma mwendo wa adui, kinapiga hesabu, na kidole chako kinafyatua kabla hujafikiri.

Zamda alikuwa na miaka ishirini na miwili, wala hakuucheza kwa raha. Chuo cha marubani wa anga kilimkataa kwa mtihani wa maandishi, kwani utotoni alikosa shule misimu miwili. Mama yake, Bi Sikudhani, alimweka shambani kuamia ndege, kuwafukuza kwa kombeo, enzi zile tai wa chuma hawajaletwa kulinda mpunga. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja: bingwa wa mchezo hupokelewa chuoni bila mtihani.

Asubuhi ya fainali, Bi Sikudhani alimmiminia uji, akauliza akiwa amempa mgongo, "Mwanangu, bado unanilaumu kwa ile misimu?"

Zamda akanywa uji wake wote, akaaga, akatoka.

Ukumbini waamuzi wakatangaza kwamba fainali ni ya mkono mtupu. Vilengaji vikavuliwa. Mpinzani wake, Kalisti, kijana wa Kigoma mwenye maneno mengi, akacheka.

"Dada, leo sote vipofu. Tutaua nyota tu."

Na kweli waliziua. Kila mmoja alimlenga mwenzake palepale alipo, risasi zikawa zinapita nyuma ya mkia. Raundi ya kwanza Kalisti akabahatisha, ya pili akabahatisha Zamda. Ikabaki ya tatu, ya kukata shauri.

Hapo bega la Zamda likakumbuka kombeo. Kwelea kwelea, yule ndege mla mpunga, humpigi alipo. Jiwe la kwanza unalitupa kushoto kwake, kumtisha. Akigeukia kulia, la pili linamngoja hukohuko. Tena kama unakimbia, jiwe nalo linabeba mbio zako, kwa hiyo unalirudisha nyuma kidogo.

Akazima injini, akaacha chombo kielee kiubavu. Risasi ya kwanza akaipeleka patupu, kushoto. Kalisti akakwepa kulia. Hajamaliza kugeuka, ya pili ilikuwa njiani, na chombo chake kikapasuka kama bisi.

Kalisti akavua kofia yake, akamuuliza dada huyo ujanja ule kaufundishwa chuo gani. Zamda hakumsikia. Alikuwa akimtafuta mama yake, akamwona benchi la mwisho kabisa, kanga mdomoni, watu wote wamesimama wakishangilia, yeye amekaa na kulisugua bega lake la kulia, lile lililochakazwa na miaka thelathini ya kombeo.

Akapenya katikati ya watu, akachuchumaa mbele yake.

"Nilikulaumu, mama," alisema. "Miaka yote, mpaka ile risasi ya pili. Ahsante."