Kiota cha Darini kwa Kinyozi

Haya yalimkuta rafiki yangu kinyozi, mtu asiyejua kutia chumvi maneno yake. Nywele alizozifagia alizimwaga nyuma ya kibanda, na ndege wakaziokota kujengea viota.

"Mume wangu, mbona wanachagua mvi zako tu?" mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akimnyoa, alimuuliza.

"Sadfa tu, mama."

Mchana mmoja darini mwa kibanda kukasikika mkwaruzo, uvundo ukashuka. Akapanda kiti, akasukuma ubao, akatia mkono gizani. Akashika kitu chenye utelezi na joto kama ndani ya mdomo. Akakivuta: kiota cha mvi zilizogandishwa kwa ute. Badala ya yai, ndani mlikuwa na ukucha wa kidole gumba, wenye ufa kama wake.

Akautazama mkono wake. Kidole gumba kilikuwa kitupu, laini, wala hakikuuma.