Dakika Nane za Kiti Kitupu

Mwanafunzi mmoja aliandika chini ya somo la tundu la kifungo: "Mwalimu, pale mwishoni uliposhona kimyakimya ndipo nilipoelewa."

"Nimeshona kimyakimya mimi?" fundi alimwuliza mdogo wake. "Mimi huyu?"

Mdogo wake alicheka, na alikuwa na haki ya kucheka. Fundi huyu wa nguo za kike alikuwa na mdomo usiojua likizo. Hata akiwa na pini midomoni alisengenya.

Sasa niseme kosa lake mapema, maana hata yeye halikatai. Mtu anayekata gauni kwa jicho tu, bila chaki, alikuwa hajui kukata video. Aliwasha simu kwenye kistendi, akafundisha, akainuka kwenda kupiga pasi chumba cha pili, na simu ikabaki inarekodi cherehani na kiti kitupu. Baada ya dakika saba, nane hivi, alirudi, akaizima, akaipakia video nzima nzima kwenye tovuti yake. Masomo sitini na moja aliyaweka hivyo, na katika kila moja kuna kiti kinachongoja mtu. Basi kikapata wa kukikalia.

Walilifungua lile somo mchana kweupe, madirisha wazi. Fundi wa kwenye video aliinuka akatoka. Kiti kikakaa peke yake dakika moja. Halafu mikono miwili ikatokea chini ya meza, ikashika kitambaa, ikaanza kushona.

"Dada," mdogo wake alinong'ona, "hebu vihesabu viungo vya vile vidole."

Kila kidole kilikuwa na kiungo kimoja zaidi. Na loo, ilishona vizuri!

Fundi alichukua kitambaa ajitulize kwa kazi. Akaitia sindano uzi, akakaa, akakitazama. Hakujua pa kuanzia. Tundu la kifungo, kitu alichokifanya miaka ishirini huku akigombana na wateja, lilikuwa limefutika kichwani.

Wakapekua masomo yote. Mikono ilikuwa katika matatu: kifungo, zipu na kola. Yote matatu fundi hakuyaweza tena. Kesho yake ikawa katika manne, na pindo nalo likaenda. Fundi alilia kwa sauti, bila aibu, maana alijua kwamba kwa mwendo huo, baada ya miezi miwili asingeweza hata kutunga uzi.

Siku ya tatu alikuwa chumba cha pili, pasi imezimwa na imepoa, aliposikia harufu ya kitambaa kinachoungua, kisha cherehani ikaanza kulia upande wa pili wa ukuta, taratibu kwanza, halafu kwa kasi, halafu kwa kasi ambayo mguu wa mtu hauiwezi, na mdogo wake alikuwa amesimama naye palepale, amemshika mkono, wote wawili wakijua kwamba nyumba ile haikuwa na mtu wa tatu, na bado wakasikia uzi ukikatwa kwa meno na mtu akiguna kwa kuridhika.

Mdogo wake akamleta mganga. Mganga alinusa kiti, akarudi nyuma hatua tatu.

"Hili ni jini. Futa masomo yote, funga na tovuti," alisema kwa sauti ya chini. "Ataondoka."

"Na ufundi wangu?"

"Huo ataondoka nao."

"Thubutu!" fundi alifoka. "Miaka ishirini ya kuchomwa na sindano, leo niiage kwa kubonyeza kitufe? Kaniibia, basi atanifundisha."

"Dada, nakuomba..."

"Kaa chini, nishikie taa."

Alifungua somo la kifungo, akaenda moja kwa moja kwenye mikono. Akabonyeza, ikasimama. Akarudisha nyuma, ikarudi. Kumbe! Kilichorekodiwa hakina ujanja. Akaweka kitambaa mapajani akafuata mshono mmoja mmoja, akirudia tena na tena, na mara ya kumi na moja vidole vyake vikakumbuka. Akawaandikia wanafunzi wake, mia mbili na ushee: dakika nane za mwisho, rudieni mpaka mzichoke.

Wakarudia usiku na mchana. Kila video ilipochezwa jini lililazimika kushona upya, halikupata nafasi ya kuhamia somo la tano. Zipu ikarudi kwa fundi, pindo likarudi, ikabaki kola tu. Kwenye video, ile mikono ilianza kutetemeka.

Alasiri ya siku ya sita, kile kiti chenyewe, cha mbao, mbele yao, kikatoa mlio kana kwamba kimekaliwa.

"Mwalimu," sauti ilisema, nyembamba, imekwaruza. "Futa hizo video niende zangu. Vidole vinaniuma."

Mganga, aliyekuwa amekuja kuangalia hali, alishafika barabarani. Mdogo mtu alijifunika kanga usoni. Fundi naye alitamani kukimbia, tusidanganyane, lakini alikisogelea kile kiti.

"Kola yangu je, hujanirudishia?"

Kiti kikatoa mlio tena.

"Nimekuuliza, kola je?"

"Ipo, somo la hamsini na nane," sauti ilijibu kwa unyonge.

Fundi akalifungua, akavuta kitambaa.

"Haya, anza. Na polepole, kuna wanafunzi wanaandika."