Bolti Mbili Zilizobaki

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Jumapili, miguu miwili yenye viatu vya kazi ilionekana ikitokeza chini ya gari, ndani ya banda la Garth Pellew, mjini Kadina. Joto la Januari lilikuwa limeshafika nyuzi thelathini na moja. Jodie, mke wa Garth, alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Aliita mara mbili. Miguu haikusogea. Akauweka chini mfuko wa mikate ya nyama, bado ya moto, akapiga simu polisi.

Inspekta Merryn Nankivell alifika saa mbili na robo. Konstebo Sofoulis alikuwa ameshaamua.

"Ajali, afande. Fundi wa nyumbani, peke yake, bila stendi za kushikilia gari. Jeki ikashuka."

"Imeshuka au imeshushwa?"



Zimamoto waliinua gari, maiti ikatolewa. Kifua kilikuwa kimepondwa. Daktari alikadiria kifo kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri, saa ambazo watu wa mji huo hufanya kazi za bandani kabla jua halijachoma.

Nankivell aliikagua jeki. Vali yake ilikuwa imefunguliwa mizunguko miwili kamili. Akaifunga, akaipachika chini ya gari, akapampu. Gari lilipanda na kukaa juu dakika kumi bila kushuka hata kidogo.

"Jeki nzima," alisema. "Na stendi zile pale ukutani?"

"Hazikutumika, afande."

"Tazama sakafu."

Chini ya gari, kwenye grisi iliyoganda juu ya zege, kulikuwa na alama za miguu minne minne, mpya, pande zote mbili. Sofoulis alileta stendi moja, akaipima juu ya alama. Ilikaa sawasawa.

Kando ya gari hilo lililobondeka pua lilisimama pikapu la Garth, boneti wazi, tumbo la injini tupu, limesuguliwa na kupakwa rangi. Gari lililobondeka lilikuwa la spea. Garth alikuwa akilivua injini ili alivike pikapu lake.

Upande wa kushoto wa gari la spea, kila tundu la bolti lilikuwa tupu. Bolti zake zilikuwa kwenye vifuko vya plastiki mezani, kila kifuko na karatasi: mahali, tarehe. Upande wa kulia hapakuwa na kifuko hata kimoja. Vifaa vilikuwa vimeshafunguliwa, lakini bolti zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu yake. Nankivell alizigusa moja baada ya nyingine. Zilizunguka kwa vidole, bila spana.

"Mikono miwili tofauti," alisema. "Mmoja hutia kwenye vifuko. Mwingine hurudisha mahali pake. Hakuwa peke yake."

Mtaalamu wa alama za vidole alipata alama ya dole gumba la grisi kwenye starta iliyowekwa upande wa kulia. Halikuwa la Garth.

Kifuko kimoja zaidi kilitoka chini ya gari, karibu na pale kichwa kilipokuwa. Kilikuwa cha zamani, plastiki imekuwa njano. Ndani mlikuwa na bolti mbili na kibanio kidogo cha chuma. Kwa mwandiko wa Garth kiliandikwa: *Kerensa. Bomba la breki.* Tarehe ilikuwa ya miaka miwili iliyopita.

Jodie alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni.

"Kerensa ni nani, dada?"

"Binti wa Mzee Denzil Trevorrow. Nyumba ile pale, ng'ambo ya barabara. Alikufa mwaka juzi, ajali. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu."

"Gari gani?"

Jodie aligeukia bandani.

"Hilohilo. Garth ndiye aliyemwekea injini kubwa, hapahapa. Bima walipoliuza, akalinunua. Nilimwambia, usilete jeneza la mtoto wa watu mbele ya mlango wa baba yake. Akasema injini haina kosa."

"Mzee Trevorrow huja hapa?"

"Hajavuka barabara tangu mazishi. Lakini mimi usiku nipo kazini, mchana nalala. Nitajuaje?"

Denzil Trevorrow, mwenye miaka sitini na mitatu, fundi wa pampu za mgodini kwa miaka arobaini, aliwapokea kwenye banda lake. Mashine ya kukatia nyasi ilikuwa mezani, imefunguliwa.

"Karibu, Inspekta. Nimeona gari la maiti."

"Mara ya mwisho kuingia kwa Garth ni lini?"

"Kabla ya mazishi ya mwanangu."

"Leo alfajiri?"

"Nilikuwa kitandani. Mgane hana shahidi."

Nankivell aliinama juu ya mashine. Kila bolti ilikuwa ndani ya tundu lake. Akazungusha moja kwa vidole, ikazunguka.

"Kwa nini unazirudisha, mzee?"

"Hatukuruhusiwa vinginevyo. Mgodini, bolti ikibaki mfukoni mwako, kuna mtu chini anakufa. Ukifungua, unairudisha. Wale wa vifuko ni wachezaji tu."

 Aliitazama mikono yake.

"Upande wa kulia wa gari la Kerensa umefunguliwa hivyohivyo," alisema Nankivell. "Na kuna dole gumba kwenye starta. Una haki ya kunyamaza. Utakubali tuchukue alama zako?"

Zilichukuliwa kituoni saa saba mchana. Saa nane na nusu jibu lilirudi: dole ni lake. Denzil alikataa wakili.

"Siku ya tatu leo," alisema. "Nilimwambia, nikusaidie, nimechoka na kinyongo. Aliamini. Alilia hata. Mimi nilitaka kuona kilichomuua mwanangu. Mahakama ilisema mwendo kasi. Kerensa alikuwa akiendesha kama ajuza."

"Ukaona nini?"

"Jana nililiona bomba la breki. Lilikuwa limelalia bomba la moshi, limeungua kiasi cha urefu wa kidole. Mafuta ya breki yalichemka, afande. Alikanyaga, pakawa hakuna kitu. Kibanio cha kulizuia hakikuwapo. Nikakitafuta. Kilikuwa rafuni kwa Garth, ndani ya kifuko, na jina la Kerensa juu."

"Leo?"

"Alikuwa chini, anashusha giaboksi. Nilimwambia stendi zinatuzuia, jeki inatosha. Akasema, 'Toa, mzee.' Nikazitoa. Kisha nikakisukuma kifuko hadi usoni pake. 'Garth, hizi za wapi?'"

"Akajibu?"

"Alicheka. Akasema, 'Aa, mzee, hakuna injini inayorudishwa bila kubaki bolti mbili.'"

Sofoulis aliacha kuandika.

"Alisoma jina?" aliuliza Nankivell.

"Baada ya kucheka. Akasema, 'Mzee Denzil, ngoja nitoke.'"

"Na wewe?"

"Nilifungua jeki."

"Kifuko ulikiacha kwa nini?"

"Mkono wangu haukufika."

"Stendi ulizitoa kabla ya kumwuliza, siyo baada."

"Kabla."

"Kwa hiyo ulikuwa umeshaamua."

"Angejibu vingine, ningezirudisha."

"Hilo siwezi kulithibitisha, mzee."

"Basi andika 'kabla'."

Sofoulis aliandika. Maelezo yalisomwa kwa sauti, yakasahihishwa neno moja. Saa kumi na dakika tano alasiri Denzil Trevorrow alitia saini, akatafuta kifuniko cha kalamu mezani, akakirudisha mahali pake.