R ya Masele

Siku Modesta Kashindye alipokutana na Masele alikuwa amevaa gauni jipya la rangi ya maziwa, na gauni hilo ndilo lililoharibu mambo. Ukimuuliza Sada, jirani yake muuza vitenge, atakwambia ndilo lililoyatengeneza.

Ilikuwa asubuhi ya mwaka 1994, bandari ya Kaskazini, Mwanza. Meli ya Nansio ilikuwa imefunga gati, abiria wanamiminika na magunia ya machungwa, matenga ya dagaa na kuku waliofungwa miguu. Modesta alisimama karibu na lango akimsubiri mtu asiyemjua, katibu wa klabu ya Nansio, aliyetakiwa kumletea bahasha ya ripoti. Jamaa mmoja mrefu, begani kabeba bomba la pampu lililojaa grisi, akageuka kumwitikia mchukuzi, na ncha ya bomba ikampitia Modesta kuanzia begani hadi kiunoni.

"Samahani sana, dada yangu."

"Samahani yako itafua gauni?"

"Nitafua mwenyewe. Ila nielekeze kwanza, namtafuta mhalili wa jalida la klabu."

"Unamtafuta nani?"

"Mhalili."

"Mwanza hatuna mtu wa namna hiyo," alisema Modesta. "Mhariri tunaye, na ndiye uliyempaka grisi."

Masele akaliweka bomba chini taratibu, akamtazama kuanzia nywele zilizosukwa mkia mmoja mpaka viatu, akacheka mpaka wachukuzi nao wakacheka bila kujua sababu. Modesta alitaka kuendelea kukasirika, ikamshinda.

Jarida lenyewe liliitwa Mkono kwa Mkono, kurasa nane, kila mwezi. Lilikusanya habari za klabu saba za huduma kuzunguka ziwa, kutoka Musoma hadi Bukoba. Wanachama walikuwa walimu, wauguzi, mafundi na wenye maduka, watu waliokatwa mishahara na mageuzi ya uchumi lakini wakaendelea kukutana kila Jumanne kupanga kisima kichimbwe wapi na wazee gani wapelekwe kutolewa mtoto wa jicho. Modesta mwenyewe alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika mpaka alipopunguzwa kazini. Hakurudi kijijini kulia. Alikodi chumba Mabatini, akaweka taipureta, mashine ya kudurufu na simu ambayo mtaa mzima uliiomba, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: KUPIGA CHAPA, KAZI SAFI.

Na kazi ilikuwa safi kweli. Jarida halikuwahi kutoka na kosa hata moja, na Modesta alijivunia jambo hilo waziwazi, bila kuona haya. Alizaliwa kwenye nyumba ya Kisukuma ambamo r zote zilitamkwa l, lakini baba yake, mwalimu Kashindye wa Butimba, alimsimamisha kila jioni mbele ya ubao mpaka ulimi ukanyooka. Sikio lake lilikuwa mali yake.

Basi Masele, katibu wa Nansio, akaanza kupiga simu. Kila Alhamisi, saa nne asubuhi, kutoka posta ya Nansio. Modesta alibana simu kati ya sikio na bega, akachukua habari kwa hatimkato, ile ya mistari na vinukta inayofuata sauti tu. Mkono wake uliandika kilichosikika; kichwa ndicho kilichosahihisha baadaye, wakati wa kupiga chapa. Masele akisema balua, jaridani ilitoka barua.

"Habali za Mabatini, mhalili wangu?"

"Nzuri. Nani kakwambia mimi ni wako?"

"Basi futa hilo neno. Kazi yako si kufuta?"

"Hilo nitaliacha. Sema barabara."

"Balabala."

"Rudia."

"Modesta, kwetu ile ni njia tu. Tunapita bila kuitaja."

Mwaka wa uchaguzi ulipofika akamwambia atapiga kula, Modesta akamuuliza atapiga au atakula, na foleni nzima ya posta ya Nansio ikasikika ikicheka nyuma yake. Lakini kati ya utani kulikuwa na kazi. Kisima cha kumi na mbili kilipotoa maji, Masele aliinua simu juu ili Modesta asikie akina mama waliomfuata mpaka posta wakipiga vigelegele. Siku hiyo Modesta alijua kwamba anampenda. Hakumwambia mtu, ila Sada alijua, maana kila Alhamisi Modesta alipaka mafuta ya nywele ya kunukia kwa ajili ya simu.

"Mkutano wa kanda ukifika," Masele alimwambia mwezi wa saba, "nina jambo la kukwambia uso kwa uso. Hapa posta watu wamenitegea masikio."

"Jambo gani?"

"Nimesema uso kwa uso, mpenzi."

Modesta akanunua kitenge cha bluu kwa Sada, akampa fundi.

Wiki tatu kabla ya mkutano, simu ikalia katikati ya mvua. Laini ilikuwa inakwaruza vibaya. "Modesta, habali kubwa. Jana nilikwenda na wazee kwa Nkwabi... mahali... pa Paskazia... wamekubali wote. Jumamosi wanakabidhi. Weka ukulasa wa kwanza. Nimefulahi mno."

"Paskazia ni nani?"

"Wa kwa Nkwabi," sauti ikasema kwa mbali, na laini ikakatika.

Modesta alibaki ameshika simu. Mahari. Hakulitafakari neno hata kidogo. Mwaka mzima alikuwa akigeuza l za Masele kuwa r, na hili nalo liligeuka lenyewe. Wazee wamekwenda kwa Nkwabi, mahari ya Paskazia imekubaliwa. Kumbe jambo la uso kwa uso ndilo hili, kwamba anaoa. Ilimuuma mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Muulize," alisema Sada.

"Nimuulize nini? Ameniambia niandike, nitaandika."

"Simu ni yako, kidole ni chako."

"Akipiga, mwambie sipo."

Masele alipiga Alhamisi tatu. Ya tatu Sada alichoka kudanganya, na Modesta alikuwa amesimama mbele yake akitikisa kichwa kwa nguvu. "Kaka Masele," Sada akasema kwenye simu, "mwenyewe anasema hayupo."

Kiburi ni kazi ngumu, na Modesta aliifanya vizuri. Alipiga stensili ya ukurasa wa kwanza bila kukosea herufi, akadurufu nakala mia tatu za kugawiwa mkutanoni, akazipanga zikalingana. Alilia baada ya hapo, mlango ukiwa umefungwa.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi mmoja wa Kirumba. Klabu zote saba zilikuja na bendera zao na skafu za kijani shingoni. Watu wa Geita walitangaza madawati mia mbili, wakapigiwa makofi. Bukoba walimleta mzee aliyekuwa kipofu miaka sita, akasoma bango la ukumbini kwa sauti, neno kwa neno, na watu wazima wakafuta machozi. Modesta, ndani ya gauni lake la bluu, alifurahi na kuumia kwa pamoja. Masele alikuwa ameingia na suti ya kahawia ya mtumba iliyomkaa vizuri kuliko Modesta alivyotaka kukiri, akimshika mkono bibi mmoja mwenye fimbo na kitambaa cheupe kichwani. Hakukuwa na msichana. Modesta alishatazama mara nne.

Kisha mwenyekiti wa kanda, mzee Shigela, akavaa miwani, akafungua Mkono kwa Mkono.

"'Tunampongeza ndugu yetu Masele wa Nansio kwa kutoa mahari kwa binti Paskazia wa kwa Nkwabi, na wazee wakaipokea.' Haya, wachumba wako wapi? Wasimame tuwaone."

Watu wa Nansio wakatazamana. Masele aliinuka nusu, mdomo wazi. Ndipo yule bibi akaegemea fimbo na kusimama.

"Paskazia ni mimi," alisema. "Nina miaka sabini na miwili na wajukuu kumi na mmoja. Kuposwa ndiyo nasikia hapa. Hiyo mahali aliipokea nani? Mimi sijaona hata mbuzi."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Modesta hakucheka. Alikuwa amesikia kitu. Bibi alisema mahali, kwa l kama Masele, lakini alisema hiyo, na alisema aliipokea, na kwa hivyo hakuna aliyeshindwa kujua anazungumzia nini. Modesta akatoa daftari la hatimkato mkobani, akafungua siku ile ya mvua.

Masele alikuwa tayari anaeleza. Bibi huyu alikuwa mkunga miaka arobaini. Wanawake wa visiwa vidogo walikuja kwa mitumbwi wakiwa na uchungu, wengine wakajifungulia mchangani kabla ya kufika hospitali. Sasa yeye na kaka yake, mzee Nkwabi, walikuwa wametoa kiwanja cha bibi, pale juu ya gati la Nansio, klabu ijenge nyumba ya kusubiria kujifungua. Msingi ulikuwa umeshachimbwa. "Huyu ndiye niliyetaka mumpigie makofi," alisema Masele, na ukumbi wote ukainuka kwa ajili ya Bibi Paskazia, bendera zikapepea, vigelegele vikaanzia Musoma vikaishia Bukoba.

Makofi yalipotulia Modesta alikuwa amesimama. Angeweza kuisingizia laini ya simu, na kila mtu angeamini.

"Shikamoo bibi."

"Malahaba, mwanangu."

"Kosa ni langu. Nimeandika hapa kwa mkono wangu: mahali pa Paskazia. Pa. Mtoto wa darasa la tatu anajua mahari haina pa. Mkono ulisikia sawasawa, mimi nikasahihisha mahali ambapo hapakuwa na kosa. Naomba radhi kwako bibi, kwa klabu ya Nansio, na kwa ndugu Masele."

"Kaa, mwanangu," alisema bibi. "Mwezi huu nimetoa kiwanja na nimepata mchumba. Sina malalamiko."

Mchana, watu walipokuwa wanakula pilau uani, Masele alimkuta amesimama nyuma ya ukumbi, kwenye mawe, akitazama ziwa.

"Simu tatu, Modesta."

"Sikuwepo."

"Sada aliniambia unasema hupo." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kwa nini ulikasilika?"

"Nilikasirika," akamsahihisha, kisha akageuka kumtazama. "Kwa sababu nilidhani umeposa, na nilikuwa nimeshakupenda. Ndiyo hivyo. Nimekosea herufi moja na nikakaa wiki tatu silali."

Masele alilegeza tai, akaikaza tena. "Jambo la uso kwa uso ni neno moja tu. Miezi mitatu najifunza. Mwalimu wangu ni mke wa bwana posta, na kila nikikosea ananiludisha mwisho wa foleni." Akavuta pumzi, akaweka ulimi tayari kama mtu anayewasha injini ya mtumbwi. "Modesta, nataka kuleta mahari kwa mwalimu Kashindye."

R ilitoka. Ilikuwa ndefu, ilitetemeka, ilizidi kidogo, lakini ilikuwa r.

"Rudia," alisema Modesta.

"Mahari."

"Tena."

"Nimekosea?"

"Hapana," alisema, machozi yakimtoka bila kujificha. "Nataka kulisikia."

Toleo lililofuata lilikuwa na picha ya Bibi Paskazia ukurasa wa kwanza, amesimama kwenye msingi wa nyumba ya akina mama, fimbo kaishika kama bendera. Chini ya picha, ndani ya kisanduku kidogo, kulikuwa na masahihisho, ya kwanza tangu jarida lianze: "Katika toleo lililopita tuliandika mahari. Isomeke mahali. Mahari yenyewe imepokelewa Jumapili, Butimba, nyumbani kwa mwalimu Kashindye, na safari hii mhariri amelisikia neno kwa masikio yake mawili."